Honi ya Mwenyekiti wa Kobe

Ukimkuta kazini ungemdhania mtu wa maneno machache. Pini mdomoni, mgongo umepinda, sindano yake kubwa mkononi, anashona kiti cha gari bila kumtazama aliyeingia. Mtu mwenye pini mdomoni haongei. Lakini pini zikishatoka, ndugu yangu, kilichofuata kilichoma kuliko hizo pini. Ndiyo maana hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Sindano, naye aliitika kwa furaha, kama mtu aliyepewa cheo.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, nyuma ya maduka ya vipuri. Sponji zimelundikana hadi darini, marobota ya ngozi bandia yamesimamishwa ukutani kama wageni waliokosa mahali pa kukaa. Na karibu kila kiti kilichopita mikononi mwake kilitoka kwenye gari la aina moja: gari la familia, dogo, fupi, mgongo wa duara, ambalo magurudumu yake yote manne huvuta kwa pamoja. Kiwandani lilikuwa na jina lake, lakini jina hilo lilibaki kwenye bampa. Watu waliliita Kobe, kwa ule mgongo, na kwa kuwa halikuwa na haraka wala halikurudi nyuma. Na kwa sababu ni Kobe, walilitaja kama kiumbe: Kobe wangu kaamka vibaya leo, Kobe wako anakohoa.

Wenye Kobe walikuwa na chama. Jumapili asubuhi walikutana kwenye uwanja wa kuoshea magari, wakafungua maboneti, wakaazimana spana, wakabishana kuhusu oili kama watu wanaobishana kuhusu dini. Mwenyekiti wao alikuwa Sindano. Hakupigiwa kura. Alikuwa tu ndiye mwenye Kobe mzee kuliko wote, na ndiye aliyewashonea wote viti, na mtu aliyekushonea kiti unamkalia kila siku. Huwezi kumkalia mtu kila siku halafu usimheshimu.

Chama hicho kilikuwa na desturi moja, na desturi hiyo ndiyo kisa chenyewe. Kobe mgeni alipofika kwa mara ya kwanza, aliingia uwanjani peke yake, akasimama katikati, mwenye gari akabaki ndani. Wengine walimzunguka, kila mmoja kwenye gari lake. Kisha mwenyekiti alipiga honi tatu, polepole, kwa nafasi, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya watu anaowaheshimu. Akimaliza ya tatu, wote walipiga, uwanja ukalia mpaka waosha magari wakaziba masikio. Basi, umeingia. Kuanzia hapo ukikwama popote, kuna mtu atakuja na kamba. Lakini mwenyekiti asipopiga, hapigi mtu. Kuna jamaa aliwahi kumkata Kobe wake nyuma akamfanya pikapu ya kubebea kuku. Aliingia, akasimama, akasubiri. Kimya. Aligeuza akaondoka, na hadithi yake ilichekwa mpaka kuku wenyewe walipokwisha.

Sasa nikwambie habari za mke wake, maana bila yeye hakuna Kobe.

Alikuwa mkunga, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Mkunga. Nusu ya watoto waliokuwa wakikimbia kwenye ule uwanja Jumapili walipokelewa na mikono yake. Enzi za ujana wao, barabara zikiwa tope tupu, alipoitwa kwenda kuzalisha mbali, Sindano ndiye aliyempeleka, na Kobe ndiye aliyewabeba. Kutokana na safari hizo Sindano alikuwa na hadithi moja aliyomsimulia kila mwanachama mpya. Ilikuwa alasiri ya mvua, mama mmoja ana uchungu ng'ambo ya kilima, malori yamekwama huku na huku kama ng'ombe waliolala. "Nikamwambia Kobe, twende baba. Akashika tope, akalitafuna, akapanda. Hakuteleza hata kidogo! Tulipofika juu, mtoto naye akafika." Watu walipiga makofi. Mkunga, enzi ambazo bado alikuwa akija uwanjani, alikaa ndani ya gari akitazama mbele.

Maana alikuwa amekwisha acha kuja. Mwaka wake wa mwisho kazini aliteleza kwenye korido iliyokuwa inapigwa deki, akavunjika nyonga. Walimpasua, wakamwekea chuma, akatoka na mkongojo. Na Kobe, ingawa ni mfupi, amenyanyuka kutoka ardhini. Kizingiti cha mlango wake kiko juu, inabidi upandishe mguu kama unayeparamia ukuta. Sindano hakukata tamaa. Alichonga kigoda cha mbao, akakivika sponji, akakishonea ngozi nyekundu yenye mishono miwili pembeni, kitu cha kupendeza kweli. Mlango ukifunguliwa anakiweka chini, anamshika mkewe kiwiko, anasema "haya, moja, mbili." Wanachama walisifu. "Mwenyekiti, hiyo ni kazi! Nitengenezee na mimi kwa ajili ya mama yangu." Walikipiga picha. Hakuna aliyemwuliza Mkunga anakionaje. Kila Jumapili alipanda kigoda kile mbele ya watu kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, na siku moja akasema nyonga inauma, hatakwenda. Jumapili iliyofuata pia iliuma. Zahanati walikuwa wamemwomba aje kufundisha wakunga wachanga asubuhi, na hilo alilitamani kuliko dawa. Kuendesha alijua, lakini klachi ya Kobe haikuelewana na nyonga ile, kwa hiyo kwenda kulikuwa ni kumsubiri mume afunge karakana, na kigoda, na kiwiko, na moja, mbili. Akawaambia zahanati, ngoja kwanza.

Hapo ndipo Kobe mpya alipotangazwa.

Kwanza zilikuja picha, kwenye kundi la chama kwenye simu. Kiwanda kilikuwa kimemfumua Kobe na kumsuka upya tangu unyayo hadi paa. Ule mgongo wa duara umenyooshwa. Pua imekuwa pana. Kizingiti kimeshuka, milango imepanuka, klachi imeondolewa, gia zinajibadilisha zenyewe. Magurudumu manne yalikuwa bado yanavuta, lakini nani alisoma hadi huko? Simu zilichemka.

"Uso gani huu? Kaumwa na nyuki?" aliandika Kinyozi, ambaye ndiye mchekeshaji wa chama na mtu wa kwanza kuongea kila mahali.

"Urefu umeongezeka," aliandika Mwalimu, mtu wa vipimo. "Huyu si Kobe tena. Huyu ni kenge."

"Mimi naona taa za nyuma zimelia."

"Mwacheni jamani, kipya kinyemi."

"Kinyemi kwako! Kobe wangu mimi nitazikwa naye."

"Mwenyekiti yuko wapi? Mwenyekiti aseme!"

Mwenyekiti alikuwa shorumu. Alikwenda peke yake, mchana, amevaa shati la kutokea, bila kumwambia mtu. Hakutazama taa wala pua. Alifungua mlango akapitisha vidole kwenye kiti, kama alivyofanya maisha yake yote, akitafuta mshono wa kuanzia kufumua. Vidole vikagota kwenye kitambaa kidogo chenye maandishi kilichoshonewa ubavuni: kisifunguliwe, ndani kuna mfuko wa hewa.

"Hivyo havishonwi, mzee," alisema muuzaji, kijana mpole asiye na ubaya wowote. "Kikiharibika kinatolewa kizima, kinaletwa kingine."

"Kizima?"

"Kizima, mzee wangu. Ukikitia sindano kinaweza kukufumukia usoni."

Sindano alishukuru, akatoka. Alikaa ndani ya Kobe wake nje ya shorumu, akawaona kwa mawazo wanachama wake mmoja mmoja wakibadilisha magari, na viti vyao vizima vizima vikitolewa kwenye makaratasi ya nailoni, na yale marobota ya ngozi ukutani yakisimama tu, yakisubiri kiti ambacho hakiji. Hayo hakumwambia mtu yeyote. Alichukua simu akarekodi sauti, na mambo aliyoyasema yalikuwa mengine kabisa.

"Jamani, habari za kazi. Nimekwenda kumwona huyo mnayemwita Kobe mpya. Sikumwona. Nimeona dude lenye taa nyembamba kama macho ya mtu anayejisingizia usingizi. Ndani kuna televisheni. Unataka upepo, gusa televisheni. Unataka joto, gusa televisheni. Breki ya mkono nimeitafuta mpaka nikauliza, nikaonyeshwa kitufe, kidogo hivi, kama kifungo cha shati. Sasa siku linarudi nyuma mlimani, mimi nivute kifungo? Hawa hawakutengeneza gari. Wametengeneza sebule, wakaifunga matairi. Hilo ni gari la watu waliochoka! Na nawaambieni leo, nikilipigia honi dude lile, mnishone mdomo kwa uzi wangu mwenyewe, hapo hapo uwanjani."

Ulimi hauna mfupa. Sauti ile ilisambaa. Watu wasio na Kobe waliisikiliza, watu wasio na gari kabisa waliisikiliza. Dukani alikonunua uzi walimwigizia: "Nivute kifungo?" Sindano alitembea wiki nzima kifua mbele.

Wiki hiyo hiyo binti yake, mhasibu, mtoto wao wa pekee aliyebaki karibu, alimchukua mama yake wakaenda kuliona lile dude. Jioni walikuwa mezani wote watatu.

"Leo nimeketi kwenye gari, baba watoto," alisema Mkunga.

"Gari gani?"

"Hilo la watu waliochoka."

Binti aliinamia sahani yake. Sindano alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejaribu kina cha maji kwa mguu mmoja.

"Umesikia ule utani?"

"Nani hajausikia? Hata muuzaji anao kwenye simu yake." Akasogeza glasi. "Nimefungua mlango, nimegeuka, nimeketi. Hakuna aliyenishika kiwiko. Nimeketi tu, kama mtu. Halafu nikashuka, nikaketi tena, yule kijana akadhani nimepotewa na kitu."

"Mama amepanda na kushuka mpaka nimeona aibu mimi," alisema binti, na macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Kipya kinyemi, mke wangu."

"Ingawa kidonda. Najua. Lakini kidonda ninacho tayari, baba watoto. Kinyemi ndicho nilichokosa."

Hapo mume akajua kwamba jambo limekwisha amuliwa. Na kweli, kiinua mgongo cha mama na mchango wa binti vilikuwa vimekwisha kutana. Gari lingetoka kabla ya Jumapili. Zahanati walikuwa wamekwisha ambiwa mwalimu wao anakuja.

"Sikuombi uliendeshe," alisema Mkunga. "Sikuombi hata ulisifu. Ila nataka kulileta uwanjani Jumapili, niliendeshe mwenyewe, nisimame katikati. Nataka unipigie honi."

"Mke wangu, wewe si umesikia nilivyosema? Watu wote wamesikia. Mwenyekiti hawezi kulamba matapishi yake."

"Sikumwomba mwenyekiti. Nimekuomba wewe."

"Chama kile—"

"Miaka yote nimekaa kwenye gari lako, nimewasikia wakipigiwa. Mwenye duka kapigiwa. Yule mlevi kapigiwa. Mimi sijawahi, kwa sababu sikuwahi kuwa na gari. Sasa ninalo." Alinyanyuka kwa mkongojo, akaanza kukusanya sahani, na binti hakuthubutu kumsaidia. "Au ni viti? Sema tu kama ni viti, nitaelewa."

"Viti vimeingiaje hapa?" alisema Sindano kwa ukali, na huo ukali ndio uliokuwa jibu, lakini mkewe alisubiri lile jingine, la maneno, na halikuja.

Nisimsingizie. Sindano alikusudia kupiga ile honi. Siku zile alitembea nayo kichwani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha, alitafuta mlango wa mzaha wa kutokea. Jumapili asubuhi alichagua sindano moja ndefu, akaitia uzi mweusi, akaichomeka ndani ya mfuko wa shati lake. Mpango ulikuwa hivi: dude likiingia, atashuka, ataitoa ile sindano juu, atamkabidhi Kinyozi mbele ya wote na kusema, "Haya, nishoneni, lakini mama apite!" Watacheka. Kisha atapiga honi tatu, na heshima ya kila mtu itakuwa mahali pake. Njiani kwenda uwanjani aliirudia sentensi ile mpaka ikamchekesha mwenyewe.

Uwanja ulikuwa umejaa. Fununu zilikuwa zimefika kwamba Kobe mpya wa kwanza anakuja, ila wa nani, hawakujua. Sindano alikuwa amekaa kimya, akiutunza mzaha wake. Wakajipanga duara, kila mtu ndani ya gari lake, vioo chini. Maji yalikuwa bado yanachuruzika kwenye mfereji.

Liliingia bila kelele, rangi ya majivu, likikanyaga maji taratibu.

"Dude hilooo!" alipaza sauti Kinyozi. "Mwenyekiti, uzi upo?"

Kicheko kilizunguka duara zima. Wengine waliigiza kuvuta kifungo cha shati. Gari likasimama katikati, kioo kikashuka, na kwenye usukani alikuwa Mkunga, kitambaa chake kizuri kichwani, binti pembeni yake.

Kicheko kilikatika kama kimemwagiwa maji.

"Shikamoo, mama," alisema Kinyozi kwa sauti ya chini. Watoto wake wote watatu walipita mikononi mwa yule mama.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyote?"

"Hatujambo, mama."

Akaweka mikono miwili juu ya usukani, akamtazama mumewe. Sindano alitia vidole mfukoni, akaigusa ile sindano. Kiganja cha mkono mwingine kilikuwa tayari juu ya honi. Ilikuwa bado sekunde moja tu.

Lakini Mwalimu, ambaye kimya humwasha kama upupu, alidhani atasaidia. Alitoa kichwa dirishani akatabasamu.

"Mama, hongera sana. Ila tuambie ukweli, huyu naye atapanda kile kilima cha mwenyekiti?"

Watu wakacheka kwa nafuu. Mkunga naye alitabasamu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo Sindano hakulisahau. Alijibu kama mtu anayejibu swali.

"Hata yule hakupanda, mwanangu. Alikwama chini kabisa, na mvua ile. Nilivua viatu nikapanda mimi, na begi langu kichwani. Mwenyekiti alibaki kulinda gari."

Duara zima liligeuka kumtazama Sindano. Kisha mmoja kule nyuma akacheka puani, kicheko kidogo tu, kilichomponyoka. "Kulinda gari," akarudia mwingine polepole, kama anayeonja chumvi.

Unaweza kusema, mtu mzima na akili zake angecheka pia, akapiga honi, yakaisha. Ndivyo tunavyosema sisi tulio nje ya gari. Sindano alisikia masikio yake yakiwaka. Hadithi ile ilikuwa ndiyo uenyekiti wake wote. Vidole vikaachana na sindano mfukoni. Kiganja kikatoka juu ya honi, kikashuka mapajani. Akatazama mbele, kupitia kioo, kwenye brashi na ndoo za waosha magari, kama mtu anayesubiri foleni isogee.

"Mwenyekiti?" aliita Kinyozi, safari hii bila mzaha.

Mwenyekiti hakugeuka.

Mkunga alisubiri. Alisubiri muda wa kumtosha mtu kubadili mawazo, kisha akaongeza kidogo, kwa ajili ya miaka waliyoishi pamoja. Binti aliwatazama wanachama mmoja mmoja, uso kwa uso, na kila aliyetazamwa aligundua kitu cha kurekebisha kwenye dashibodi yake. Pale palikuwa na akina baba ambao Mkunga aliwakabidhi watoto wao wa kwanza wakiwa bado na ute. Honi zilikuwa chini ya mikono yao. Hapigi mtu kabla ya mwenyekiti.

Kioo kikapanda. Gari likageuka kwa mzunguko mmoja, bila kurudi nyuma hata mara moja, likatoka.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi. Sindano alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, ana majibu yake yamepangwa, akakuta chakula kimefunikwa na mkewe anasoma kitabu cha wakunga wachanga. "Umerudi?" alisema. "Nimerudi." Basi. Siku hiyo ikapita hivyo, na zilizofuata zikapita hivyo hivyo, kwa adabu. Asubuhi alifungua mlango, akageuka, akaketi, akaenda kufundisha. Jioni alirudi na hadithi, lakini alimsimulia binti kwa simu. Kigoda chekundu kilihamia uani, kikawekewa ndoo ya kufulia, na sabuni ikaanza kuibambua ngozi yake kwenye ile mishono miwili.

Siku moja, akifua, Mkunga alichomwa kidole. Alikuja karakana na shati mkononi na ile sindano yenye uzi mweusi. Hakuwa amekanyaga karakana muda mrefu.

"Hii ilikuwa kwenye shati lako la Jumapili. Ya nini?"

Sindano alitazama ule uzi. Hapo, ndugu yangu, mlango ulifunguliwa tena, mpana, na kizingiti chake kilikuwa chini kabisa. Alikuwa na pini mdomoni. Angeweza kuzitoa.

"Ya kazi," alisema katikati ya pini.

"Ya kazi," alisema Mkunga. Akaiweka juu ya meza ya kukatia, akaondoka.

Na chama je? Chama kilifanya kama vyama vinavyofanya. Kwanza waliendelea kumcheka Kobe mpya, ila kwa sauti ndogo. Kisha mtu akaandika kwenye simu kwamba amelijaribu la jirani, na kwa kweli, tuwe wakweli, viti vinakalika. Mwingine akasema ile televisheni ukiizoea si mbaya. Mgongo wa Mwalimu ulikuwa unamsumbua. Msimu mmoja tu ukapita, Mwalimu akatangaza: Jumapili anakuja na Kobe mpya.

"Mwenyekiti," Kinyozi alimjia karakana, akakaa juu ya sponji. "Nakwambia kama mdogo wako. Usipompigia Mwalimu, watu watapiga bila wewe. Wamekwisha zungumza. Na mimi mwenyewe langu liko njiani."

"Na wewe?"

"Mke wangu analitaka, mzee wangu. Ningemwambia nini?"

Sindano alishona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

Jumapili ile Mwalimu aliingia, akasimama katikati, kioo chini, anatabasamu kwa wasiwasi. Sindano alipiga honi. Moja. Mbili. Tatu. Uwanja ukalipuka, waosha magari wakaziba masikio. Kinyozi alikuja mbio akachungulia dirishani. "Na mdomo je, mwenyekiti? Tushone?" Watu wakacheka sana, wakapigana mabega, na mara hiyo hiyo wakasahau, wakaenda kufungua boneti la Mwalimu. Hicho ndicho kilichokuwa kiapo chake. Hakuna aliyetaka kumshona mdomo. Hakuna aliyewahi kutaka.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Alipokata kona ya mtaa wao alimwona Mkunga kwenye gari lake la majivu, pua nje ya geti, anatoka. Jumapili hiyo wanafunzi wake walikuwa na mtihani wa vitendo na walimwomba awasimamie. Geti lilikuwa jembamba. Sindano alisimama uso kwa uso na mkewe, kioo kwa kioo, hakuna mtu mwingine mtaani ila kuku wa jirani.

Akaweka kiganja kwenye honi. Moja, polepole. Akaacha nafasi. Mbili. Akaacha nafasi. Tatu.

Mkunga alizijua. Miaka yote ile amekaa kando ya mkono unaozipiga, asingeweza kuzichanganya na honi nyingine duniani. Alimtazama mumewe kwa muda, uso wake hauna hasira wala furaha, uso wa kazini, ule wa mtu aliyefika nyumba ya watu na kukuta mtoto amekwisha zaliwa. Kisha kidole chake kikazungusha usukani. Gari likarudi nyuma taratibu, likajibana ukutani, likaacha njia wazi. Kioo kikashuka.

"Pita," alisema.

"Sikupiga ili nipite."

"Najua. Pita, baba watoto, nachelewa. Wananisubiri."

Na kwa kuwa njia ilikuwa wazi, na hakuna kingine cha kufanya kwenye njia iliyo wazi, Sindano aliingiza gia akapita. Kwenye kioo cha pembeni alimwona akitoka getini, akakata kona bila kugusa breki. Alizima injini. Kobe alitetemeka kidogo, kama kawaida yake, akanyamaza. Pale uani, juu ya kigoda, ndoo ilikuwa imejaa nguo zake yeye, zimelowekwa.